Chemchemi za Kurusha Maji kwa Macho ya Fundi wa Pampu za Meli

Tangu nilipoacha kazi ya meli na kurudi kuishi Mwanza, kazi ninayoombwa mara nyingi kuliko nyingine zote ni ya kurusha maji hewani. Mmoja amejenga nyumba ya wageni Capri Point, mwingine ana ukumbi wa harusi Ilemela, na mwingine ni baba mwenye nyumba tu aliyeona chemchemi ya mapambo katika picha za hoteli za Dubai. Lakini wote huanza na hoja ileile, kwamba ziwa liko pale, maji hayaishi, basi fundi alete bomba na pampu maji yaruke. Nimeamua kuandika kwa utaratibu yale ninayoyajua kuhusu chemchemi hizi kwa sababu niliyapata kwa njia isiyo ya kawaida. Sikuyapata darasani wala bustanini, bali katika vyumba vya mitambo vya meli, kwanza hapa ziwani, kisha kwenye meli za kitalii baharini, na katika miji ambayo meli hizo zilitufikisha.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na uso wake uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Watu huvutiwa na takwimu ya kwanza, ilhali fundi wa maji hushughulishwa na ya pili, au niseme kwa usahihi zaidi, hushughulishwa na tofauti kati ya uso wa ziwa na mahali anapotaka kuyapeleka maji. Hakuna mahali pa chini kuliko ziwa katika mji huu. Isamilo, Bugando, Mabatini na vilima vyote vya mawe vinavyoupa mji sura yake viko juu ya maji, na maji hayapandi kilima kwa kuwa yako mengi. Kila mita 10 za kupanda hudai shinikizo la karibu baa moja (baa ni kipimo cha shinikizo), kwa hiyo mtu anayekaa mita 30 juu ya ziwa anadaiwa baa 3 kabla tone moja halijaruka uani kwake. Ndiyo sababu maji yetu ya mjini hupandishwa kwanza kwenye matangi ya vilimani, kisha huachiwa yashuke kwa uzito wake hadi majumbani. Mradi mkubwa unaopeleka maji ya ziwa hili Kahama na Shinyanga nao hufuata utaratibu huohuo: maji huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, hupandishwa hadi tangi lililo juu ya kilima cha Mabale, na kutoka hapo mteremko huchukua kazi.

Mambo haya nilianza kuyaelewa nikiwa kijana wa kupaka grisi na kufungua vichujio katika meli iliyokuwa ikisafiri usiku kati ya Mwanza na Bukoba kupitia Kemondo. Abiria wa meli hiyo huyajua mambo ya juu: kelele za gatini wakati wa kupakia ndizi na magunia, vyumba vya daraja la kwanza na la pili, na wale wa daraja la tatu waliolala kwenye viti wakikumbatia mizigo yao. Sisi wa chini tulijua pampu. Kulikuwa na pampu ya kupoza injini, pampu ya zimamoto, pampu ya kuhamisha maji ya kusawazisha chombo, pampu ya maji ya kunywa, na pampu ya kutoa maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini kabisa ya chombo, kazi ambayo katika majahazi ya pwani hufanywa na baharia mwenye ndoo. Mzee aliyekuwa mkuu wa mitambo alinikuta siku moja nikilalamika kwamba pampu ndogo iliyowekwa juu mno haivuti.

"Kijana wangu," akaniambia, "pampu haijawahi kuvuta maji tangu iumbwe. Inafungua nafasi tu. Anayesukuma maji yaingie ni hewa ya nje."

Nilimjibu "Sawa mzee" kwa adabu, kisha ikanichukua muda kuona uzito wa maneno hayo. Uzito wa hewa katika usawa wa bahari unaweza kuyainua maji ndani ya bomba lisilo na hewa hadi mita 10.3 na si zaidi, hata pampu iwe na nguvu kiasi gani. Hapa kwetu, kwa kuwa tuko juu zaidi ya mita 1,100 na hewa ni nyepesi, kikomo hicho hushuka hadi karibu mita 9, na kwa pampu halisi zenye mabomba yenye msuguano, fundi mwangalifu hatarajii zaidi ya mita 6. Ukilazimisha, maji huchemka ndani ya pampu yakiwa baridi, viputo hupasuka juu ya impela, yaani gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, na utasikia mlio kama kokoto zinasagwa. Wengi mjini hudhani pampu imeingiwa na mchanga. Katika meli tatizo hili huepukwa kwa kuiweka pampu chini ya usawa wa maji, ili maji yaingie yenyewe. Chemchemi ninazojenga leo zote hufuata kanuni hiyo: pampu hukaa ndani ya maji, au hukaa kwenye shimo lililo chini ya birika.

Meli ileile ndiyo iliyonionyesha kwa mara ya kwanza maji yakiruka kwa makusudi. Tulipofanya mazoezi ya zimamoto gatini, mpira ulipofunguliwa bila kichwa maji yalimwagika kwa wingi na kuanguka karibu na ubavu wa meli. Kichwa chembamba kilipofungwa, maji machache zaidi yalitoka lakini yakaruka mbali, na watoto waliokuwa wakiogelea karibu wakapiga vigelegele. Pampu ilikuwa ileile. Nozeli, yaani kichwa hicho chembamba, hubadilisha shinikizo kuwa mwendo, na mwendo ndio unaoamua maji yatafika juu kiasi gani kabla ya kuchoka na kurudi. Torricelli, Mwitaliano, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1640: maji yanayotoka kwenye tundu chini ya tangi hutoka kwa mwendo uleule ambao tone lingepata kama lingeangushwa kutoka usawa wa juu wa maji ya tangi hilo. Kwa hiyo, yakielekezwa juu, hayawezi kupita usawa yalikotoka. Hewa na msuguano huyapunguzia kidogo hata hapo. Huko baharini nilikuja kukuta kwamba bandari nyingi humpokea mgeni kwa njia hiyohiyo ya mazoezi yetu. Meli mpya ya kitalii inapoingia kwa mara ya kwanza, boti za zimamoto huenda kuilaki zikirusha matao ya maji, na abiria hutoka sitahani kupiga picha bila kujua kwamba wanapiga picha pampu za dharura.

Usafiri wa meli kwa ajili ya starehe, ambao baadaye ulinipa mkate, una historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Mjerumani Albert Ballin, aliyeendesha kampuni ya meli mjini Hamburg, alikuwa na meli za kuvuka Atlantiki ambazo wakati wa baridi zilikosa abiria, na Januari 1891 akaituma mojawapo, Augusta Victoria, kuzunguka Bahari ya Mediterania ikiwa na watu waliolipa kutazama miji tu na kurudi nyumbani. Biashara ilipokubali, kampuni yake ikaagiza chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo pekee, Prinzessin Victoria Luise, kilichoshushwa majini mwaka 1900. Kwa sisi wa Maziwa Makuu kuna undugu mwingine unaonifurahisha zaidi. Karakana ya Papenburg, Ujerumani, ambayo leo huunda baadhi ya meli kubwa kabisa za kitalii duniani, ndiyo iliyounda mwaka 1913 meli ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la MV Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Ililetwa kwa vipande. MV Victoria ya kwetu nayo iliundwa Glasgow, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Mombasa, ikapandishwa reli hadi Kisumu na kuunganishwa upya, ikaanza kazi mwaka 1961. Na baada ya matengenezo makubwa ilirudi ziwani mwaka 2020. Siku hizi tumeanza kuunganisha wenyewe hapa Mwanza, kwa maana meli mpya yenye urefu wa mita 92, iliyoundwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa majini Bandari ya Mwanza Kusini Februari 2023.

Kwenye meli ya kitalii nilikuta jambo lililonishangaza mimi mtu wa ziwani: chombo kinaelea juu ya maji yasiyonyweka. Huku kwetu maji ya kupoza injini na maji ya kuoga hutoka mahali pamoja, tofauti ikiwa ni dawa na chujio. Kule, kila glasi ya maji ilibidi itengenezwe. Mtambo mmoja ulitumia joto ambalo injini ingelitupa bure. Hewa ilinyonywa ndani ya chombo kilichofungwa hadi maji ya bahari yakachemka kwenye digrii 40 hadi 60 hivi, mvuke ukapozwa na kuwa maji matamu, chumvi ikabaki nyuma. Hilo halikunipa shida kulielewa, kwa kuwa hata Mwanza maji huchemka kwenye digrii 96 hivi badala ya 100, kwa sababu ya huohuo upungufu wa hewa. Mtambo wa pili uliyasukuma maji ya chumvi kwa shinikizo kubwa dhidi ya utando unaopitisha maji na kuizuia chumvi.

Mkuu wetu wa mitambo hakupenda chemchemi melini, na sababu zake nimezibeba hadi leo. Ya kwanza ni uthabiti. Maji yaliyojaa nusu ya birika au tangi hukimbilia upande ambao chombo kimeinamia, na hivyo huzidisha mwinamo badala ya kuupinga. Ndiyo maana matangi ya meli hutakiwa yawe yamejaa au yawe matupu kadiri iwezekanavyo, na mabwawa ya kuogelea humwagwa bahari inapochafuka. Watu wa ziwa hili hawahitaji kufundishwa kwa maneno mengi juu ya uthabiti wa chombo, kwa sababu tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Sababu ya pili ni ugonjwa. Mwaka 1976, katika hoteli moja ya Philadelphia, Marekani, wahudhuriaji wa mkutano wa maveterani waliugua homa ya mapafu isiyojulikana, na uchunguzi ukaibua bakteria waliopewa jina la Legionella. Bakteria hao hupenda maji ya uvuguvugu, kati ya digrii 25 na 45 hivi, hukaa kwenye utelezi wa mabomba, na humwingia mtu kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo sana ya maji. Sasa fikiria chemchemi ya mapambo ni nini: maji ya uvuguvugu, yanayozungushwa yaleyale kila siku, yakivunjwa kuwa matone madogo mbele ya watu waliokaa. Katika meli tuliweka maji ya moto juu ya digrii 60, maji ya baridi tukayaweka baridi kweli, na kila kitu kilichorusha maji kilipimwa klorini kwa ratiba iliyoandikwa na kutiwa saini. Mwanza, ambako maji ya birika lililopigwa na jua hukaa katika joto hilohilo linalopendwa na bakteria mwaka mzima, sioni kwa nini tuwe na uangalifu pungufu.

Tulipopata ruhusa ya kushuka, wenzangu wengi walitafuta maduka na simu za bei nafuu. Mimi nilitafuta maji. Meli ilipofunga Civitavecchia, bandari inayoihudumia Roma, nilipanda treni hadi mjini kuiona chemchemi ya Trevi, na niliisoma kama fundi kabla ya kuisoma kama mgeni. Maji yake ni ya mfereji wa Aqua Virgo, uliokamilishwa na Agrippa mwaka 19 Kabla ya Kristo, ambao unakuja mjini kwa mteremko mdogo sana, na kwa hiyo unafika ukiwa na shinikizo dogo. Nicola Salvi, aliyeanza kazi ya kuijenga chemchemi hiyo mwaka 1732, hakupoteza muda kutamani maji yarushwe juu. Aliyaacha yamwagike kwa upana juu ya miamba ya kuchongwa na kuteremka hadi birika lililochimbwa chini ya usawa wa barabara, hata mtu anayetazama anahisi kuna nguvu kubwa mahali ambapo nguvu ni chache. Kazi ilimalizika mwaka 1762, yeye akiwa ameshafariki. Kwa maoni yangu hakuna chemchemi iliyojengwa kwa akili zaidi ya ile, na mimi humwonyesha picha yake kila mteja wangu mwenye maji yenye shinikizo dogo kabla hatujazungumza bei.

Wafalme hawakuwa na subira ya namna hiyo. Louis wa 14 wa Ufaransa aliitaka Versailles iwe na mamia ya miruko ya maji mahali pasipo na maji, ndipo mwaka 1684 ukakamilika mtambo wa Marly, wenye magurudumu 14 makubwa yaliyozungushwa na mto Seine na pampu zaidi ya 200 zilizoyapandisha maji zaidi ya mita 150. Mtambo ulipiga kelele, uliharibika mara kwa mara, na bado maji hayakutosha, hivyo watumishi wa bustani walipashana habari kwa filimbi mfalme anapotembea, wakifungua chemchemi anazozikaribia na kuzifunga alizozipita. Tsar Peter wa Urusi alichagua vizuri zaidi. Pale Peterhof, karibu na Saint Petersburg, ambako meli za kitalii zilikuwa zikituma watalii kwa mabasi, maji hutoka kwenye chemchemi za asili katika nchi ya juu ya Ropsha, zaidi ya kilomita 20 kutoka kwenye kasri, na kushuka kwa mfereji na mabwawa hadi mruko wa sanamu ya Samson wenye urefu wa mita 20 hivi, bila pampu yoyote. Mtu anayepita mbele yake haoni kwamba urefu ule ni kimo cha mabwawa yaliyo nyuma ya bustani.

Waislamu wa Andalusia walikuwa na ladha nyingine, ya maji machache yanayosikika zaidi ya kuonekana, kama ile birika ya simba 12 katika kasri la Alhambra, ya karne ya 14. Katika karne hiyohiyo, hapa kwetu, sultani wa Kilwa alikuwa na birika lake la pembe nane katika jumba la Husuni Kubwa, juu ya mwamba unaotazama bahari. Na Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta maji ya chemchemi ya asili iliyo kaskazini ya mji hadi Mji Mkongwe kwa mabomba, jambo lililowapunguzia watu maji ya visima vilivyochanganyika na uchafu. Meli yetu ilipotia nanga Zanzibar niliwaona wageni wakiongozwa kwenye makasri yake; sikusikia mwongozaji hata mmoja akiyataja mabomba.

Chemchemi inayofanana zaidi na hali ya Mwanza, hata hivyo, haiko bandarini popote. Iko Geneva, Uswisi, mji wa ziwani wenye meli za abiria, zikiwamo za kale za mvuke zenye magurudumu ya pembeni. Mwaka 1886 mji huo ulikuwa na kituo kilichotumia mto Rhône kusukuma maji yenye shinikizo hadi kwenye karakana za mafundi, maji hayo yakiendesha mashine zao. Jioni mafundi walipofunga mashine, shinikizo lilipanda ghafla na kutishia mabomba, basi ikawekwa valvu ya kuliachia, na maji yakaruka mita 30 hivi. Wakazi waliyapenda. Mwaka 1891 mruko ukahamishiwa ukingoni mwa ziwa ukiwa na kimo cha mita 90, na tangu 1951 una kituo chake cha pampu kinachotumia maji ya ziwa lenyewe: lita 500 kwa sekunde, zikitoka kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa na kufika mita 140. Ukipiga hesabu ya Torricelli kwa mwendo huo utapata mita 157. Salio huliwa na hewa. Umeme wake ni karibu megawati moja. Upepo ukizidi huzimwa. Maofisa na wafanyabiashara wa hapa wanaponionyesha picha yake kwenye simu na kuuliza kwa nini Bismarck Rock, mwamba wetu maarufu wa ziwani, isiwe na kama ile, mimi hutaja megawati kwanza, kisha gugumaji, ambalo tangu lilipoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 halijaacha kuziba matundu ya kuvutia maji ya meli zetu, na lisingeiogopa chemchemi.

Nirudi kwenye uwanja wa kawaida. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa mlimani aliniita nimjengee mruko wa mita 3 mbele ya mapokezi, maji yatoke ziwani na yarudi ziwani. Nilipomwambia tujenge tangi chini ya birika na kuyazungusha maji yaleyale, alishika kiuno.

"Fundi, ziwa lote lile, unaniambia ninunue tangi?"

"Ndiyo mama. Na hilo tangi ndilo litakaloweka umeme wako chini."

Tukakaa kivulini tukapiga hesabu pamoja, naye ni mtu wa hesabu kuliko wengi ninaokutana nao. Mruko wa mita 3 unahitaji maji yatoke kwa mwendo wa mita 7.7 kwa sekunde. Nozeli yenye tundu la milimita 12 kwa mwendo huo hupitisha lita 52 hivi kwa dakika, na pampu ndogo ya wati 100 inatosha ikiwa maji yanaanzia palepale kwenye birika. Kuyatoa maji hayohayo ziwani, mita 30 chini, kungetaka nguvu mara kumi na zaidi kabla ya kuyamwaga tena, mbali na kibali cha kutumia maji, ambacho sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji inakitaka kwa uchotaji wa namna hiyo na ambacho huombwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Nikamweleza na jambo ambalo wateja hawalitarajii: kwa nozeli ileile, mruko ukitakiwa uwe na kimo mara mbili, umeme hauongezeki mara mbili bali karibu mara tatu, kwa sababu kimo kimeongezeka na wingi wa maji umeongezeka pamoja nacho. Mama alifikiri kidogo, akashusha mruko wake hadi mita mbili, akaongeza fedha kwenye mawe ya kuzunguka birika. Salvi angempa mkono.

Vipimo vingine vilitoka kwenye upepo. Kila mchana ziwa hupeleka upepo wake nchi kavu, na kanuni ya mafundi ni kwamba birika liwe na nafasi kila upande isiyopungua kimo cha mruko, la sivyo matone huishia kwenye suruali za wageni. Pampu ilifunikwa na chujio lenye matundu madogo kuliko tundu la nozeli, kwa kuwa kilichopita chujioni ni lazima kiweze kupita na puani pa nozeli. Taa za ndani ya maji niliziweka za volti 12, na waya wote ukapitia kikatio kinachokata umeme mara unapovuja. Kuhusu maji ya kujazia, kwa maana jua la Mwanza hunywa kila siku, nilikataa maji ghafi ya ufukoni. Maji hayo yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, ambavyo hufa vyenyewe maji yakitulia saa 48 kwenye tangi lisilo na konokono, lakini mhudumu wa bustani atakayekumbuka kuyatuliza maji kila mara hajazaliwa. Tunajazia maji ya bomba. Kila wiki birika hupimwa klorini, kuta husuguliwa kuondoa utelezi, na chemchemi ikikaa siku kadhaa bila kutumika, maji humwagwa yote kabla ya kuwashwa tena.

Ningependa, hata hivyo, fedha za umma zianze na chemchemi ya aina nyingine. Jioni za safari ya Bukoba, abiria hukaa muda mrefu bandarini wakisubiri kupanda, na wanaotaka maji hununua chupa, ambazo nyingine huishia ziwani. Roma ina bomba za chuma za mitaani zilizoanza kuwekwa mwaka 1874, zaidi ya 2,000, zinazotoa maji ya kunywa bure. Ukiziba mdomo wake kwa kidole, maji huruka juu kupitia tundu dogo na unakunywa bila kikombe. London ilianza mapema zaidi. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu cha mtaa mmoja kilitoka kwenye pampu ya mtaa huo, na mwaka 1859 chemchemi ya kwanza ya umma ya kunywea ikafunguliwa Holborn, ukutani mwa kanisa, ikiwa na vikombe vilivyofungwa kwa mnyororo. Vikombe hivyo vya pamoja vilipokuja kujulikana kuwa vinaeneza magonjwa, jimbo la Kansas, Marekani, lilivipiga marufuku mwaka 1909, na mafundi wakageukia maji yanayoruka kidogo hadi mdomoni. Miundo ya mwanzo ilirusha wima, na mate ya mnywaji yakarudi juu ya tundu. Ndipo mruko ukainamishwa mshazari, na kinga ikawekwa juu ya tundu ili mdomo usifike.

Hicho ndicho ningekijenga gatini: mruko wa mshazari usiozidi kiganja, valvu ya kubonyeza inayojifunga yenyewe ili maji yasimwagike usiku kucha, tundu jingine la chini kwa ajili ya watoto na wanaojaza chupa, na mfereji wa kupeleka mabaki kwenye bomba la majitaka badala ya ziwani. Shinikizo la bomba la mji linatosha, kwa hiyo hapahitajiki pampu wala umeme. Gharama ya kudumu ni mshahara wa mtu mmoja wa kuisugua chemchemi na kuipima klorini kila asubuhi, kabla meli inayotoka Bukoba haijafunga kamba.